Kidole Gumba na Nyuzi Nane

Daktari aliniambia nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila nitakapohisi sindano. Nilifumba, nikakaa kimya nikisubiri aanze. Baadaye akaniambia nifumbue, nikaona matone matatu madogo ya damu kwenye kidole gumba cha mkono wangu wa kulia. Alikuwa ameshamaliza.

Nilikuwa nimefanya kazi ya kuchoronga mwamba kwa miaka tisa, kwanza kwenye migodi ya Geita, halafu kwenye mgodi mdogo ulio upande wetu wa Kahama. Mashine ya kuchoronga unaikumbatia kama mtu anayetaka kukuponyoka, nayo inakutetemesha hadi meno. Ukitoka juu, mikono inaendelea kutetemeka ukiwa umeshika kikombe cha chai. Wenzangu wengi walikuwa na ganzi ya vidole na tuliizungumzia kama watu wanavyozungumzia mafua. Yangu ilianzia kwenye ncha ya gumba, ikapanda hadi kwenye kiungo, ikakaa hapo. Daktari alisema mishipa imechoka, hisia zinaweza kurudi na zinaweza zisirudi, na mashine nisiishike tena. Nikahamishiwa stoo. Nikawa mtu wa kugawa helmeti na buti.

Huo ulikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa nne mke wangu alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike wa miezi saba. Aliishi siku mbili. Tulimzika Tinde, nyumbani kwa wazazi wangu, tukiwa watu wachache, kama inavyofanywa kwa mtoto mchanga. Baba alichimba mwenyewe. Nilimwomba jembe, akasema, "Mkono wako mbovu, kaa." Nikakaa. Nakumbuka nilikuwa natazama soksi zangu. Moja ilikuwa nyeusi, nyingine ya bluu iliyokolea, na nilikuwa nawaza ni lini nilizichanganya. Siku ya nne nilirudi kazini kugawa buti.

Kule mgodini tulikuwa tunakaa wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Nilipotoka zamu ile nilimkuta mke wangu amefunga begi.

"Naenda kwa mama, Nkome," alisema.

"Utakaa siku ngapi?"

"Sijui. Humu ndani anayelia ni mtu mmoja tu. Nimechoka kulia peke yangu kama mwendawazimu."

Nilimbebea begi hadi stendi, nikamnunulia maji ya chupa. Basi lilipoondoka nilisimama nikisoma maandishi ya nyuma yake mpaka yakawa hayasomeki tena. Kisha nikaenda kula wali maharage, nikala sahani yote.

Gitaa nimelipiga tangu nikiwa kidato cha pili, kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Nilikuwa mpigaji wa wastani ambaye hakosi mazoezi. Siku chache baada ya mke wangu kuondoka nililishusha ukutani, si kwa sababu nilitamani muziki, ila siku ilikuwa ndefu. Nikashika kile kiplastiki cha kupigia katikati ya gumba na kidole cha shahada, nikaanza. Katikati ya ubeti sauti ikakatika. Nikatazama chini, kiplastiki kilikuwa sakafuni. Sikuwa nimejua kwamba kimeanguka. Nikakiokota, kikaanguka tena. Mara ya nne nikalirudisha gitaa ukutani.

Wiki hizo nilishinda nimelala kwenye kochi nikitazama simu. Video moja ilikuwa inaisha, nyingine inaanza yenyewe, na mimi sikuwa nachagua. Ndipo akatokea kijana mmoja wa nchi za mbali aliyeshika gitaa la nyuzi nane. Hakuwa na kiplastiki. Alikuwa anazipiga nyuzi nene kwa gumba, kama wapiga besi wanavyofanya, ila kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye besi. Gumba lilikuwa linashuka na kupanda, na vidole vingine vinadonoa nyuzi kutoka chini, na mkono wa kushoto nao unagonga shingo ya gitaa kama ngoma. Mtu mmoja alisikika kama watatu. Niliitazama mara nyingi. Sitasema nilifurahi. Niliona tu kwamba mtu yule hashiki kitu chochote kinachoweza kumdondoka.

Kahama kuna duka moja la vitu vya mitumba, maspika na vinanda na maikrofoni. Nilikumbuka kwamba ndani ya duka hilo kuna gitaa la ajabu ambalo mwenye duka analitumia kutundikia nyaya. Nikaenda. Lilikuwepo bado, limejaa vumbi, shingo yake pana kama ubao wa kukatia nyama. Nikahesabu nyuzi: nane.

"Hilo lilikosewa kiwandani," mwenye duka aliniambia. "Lina miaka hapa. Unalitaka la nini?"

"La kupiga."

"Kwa vidole vingapi?"

Tulibadilishana na gitaa langu la zamani, akaniongezea na spika ndogo ya kuchaji. Alionekana kama mtu anayeona haya kwa kunionea.

Nyuzi sita ni zile zile za gitaa la kawaida. Mbili za ziada ziko upande wa juu, karibu na uso wa mpigaji, nene, na ile nene kabisa inanguruma karibu na besi. Nikiigusa moja, zote nane zinaitika, ni vurugu. Kwenye video nyingine nikaona kwamba wenzetu wanafunga kitambaa shingoni mwa gitaa ili kuzituliza. Nikatafuta ndani ya nyumba, nikapata kibanio cha nywele cha mke wangu, kile cha mpira uliovikwa kitambaa cha zambarau. Kikaenea sawasawa.

Nilifanya mazoezi miezi miwili, hayakuzaa kitu. Nilikuwa naipunguza video mwendo hadi inatambaa, nikaona kila kitu, na bado mkono wangu ulitoa kelele ya sufuria zinazoanguka. Kushuka niliweza. Kupanda hapana. Gumba lilikuwa linakwama kati ya nyuzi, na kwa vile sikulihisi, sikujua limekwama wapi.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa mjini kwetu aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Umri wake kama miaka hamsini na mitano hivi, mnene, anafunga kitenge juu ya gauni la kazi. Watu wa kwaya tulimfahamu kwa jambo lingine: alikuwa mpiga besi wa kwaya ya kanisa la jirani. Siku kwaya za mjini zilipokutana nilikaa mstari wa mbele, nikamtazama gumba. Lilikuwa linashuka na kupanda, taratibu, bila haraka, na kila lilipopanda lilitoa sauti.

Jumatatu yake nilikwenda mashineni nikiwa na gitaa mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia mama yule kwa Kisukuma, halafu nikaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta mpunga?"

"Nimeleta gitaa."

Akanawa vumbi la pumba mikononi, akalichukua, akaligeuza. "Mbona nyuzi nane? Nyingine za akiba?"

Nikamweleza. Akajaribu kupiga, gumba lake likaangukia nyuzi tatu kwa mpigo. Akanirudishia. "Hiki ni kitana," alisema. "Mimi siwezi. Ila gumba ni gumba. Nionyeshe lako."

Nikapiga. Hakungoja nifike mbali.

"Wewe unaupiga uzi kama unaua mbu. Unapiga, unatoa. Usitoe. Gumba lipite kwenye uzi, likapumzike kwenye uzi wa chini yake. Ukilitoa hewani, litapandaje? Mtu anapanda ngazi akiwa amesimama kwenye ngazi."

Akaniambia niweke gitaa chini. Halafu nigeuze kiganja juu ya mfuko wa mchele, kama mtu anayefungua kufuli, kifundo cha mkono ndicho kizunguke, gumba lifuate tu. Nilifanya hivyo saa nzima huku wakulima wanapimiwa mchele wao. Kesho yake tena. Siku ya tatu akaniruhusu kushika gitaa, uzi mmoja tu, ule mnene.

Mashine yake ilikuwa na injini ya dizeli yenye mkanda mrefu, na mkanda ule ulikuwa na kiungo. Kila kiungo kilipopita kwenye gurudumu kililia: tap, tap, tap. Kwa mlio huo ndio nilijifunza. Kushuka kwenye mlio, kupanda kati ya mlio na mlio. Yeye alikuwa anapita na debe lake akiimba bila kunitazama, "Shuka, panda. Shuka, panda. Umechelewa. Shuka, panda." Mzee mmoja mwenye ng'ombe, aliyekuwa anasubiri pumba za mifugo, alinitazama kwa muda, kisha akamuuliza mama, "Huyu anapiga, au anatengeneza?"

"Anatengeneza," mama akajibu.

Nilikuwa nakwenda kila siku ya zile wiki mbili za nyumbani. Nikiwa mgodini nilikuwa natumia mapumziko ya mchana nyuma ya stoo, bila spika. Baada ya shuka-panda ikaja donoa: kidole cha shahada kinaingia chini ya uzi mwembamba na kuuvuta hadi unalia kama kofi. Shuka, panda, donoa. Sauti tatu kwa mlio mmoja wa mkanda. Ilinichukua muda mrefu kuliko nitakavyoweza kueleza hapa, kwa sababu kazi yenyewe ni ile ile kila siku. Nilipenda hilo. Kitu ambacho ni kile kile kila siku hakikuulizi umeamkaje.

Siku moja, karibu na mavuno ya mwaka uliofuata, nilikuwa nikipiga kwa kasi ambayo sikuwahi kuifikia. Mama akasimama mbele yangu.

"Acha," alisema.

"Nimekosea?"

"Tazama gitaa lako."

Ubao wake ulikuwa na damu, kuanzia kwenye nyuzi hadi kwenye suruali yangu. Gumba lilikuwa limechanika pembeni ya ukucha. Nikalitazama. Lilionekana kama la mtu mwingine.

"Huumii?"

"Sisikii, mayu. Ni ganzi. Ni ya mashine, kule mgodini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Daktari alinipima mwezi wa pili. Mwezi wa nne tukazika mtoto, halafu mke wangu akaenda kwao Nkome, halafu nikaona video ya huyu kijana anayepiga kwa gumba."

Niliyasema yote kwa pumzi moja, kwa sauti ile ile, kama ninavyosema mgodini kwamba saizi ya tisa zimeisha. Yeye alikaa juu ya mfuko. Hakuniambia ni mipango ya Mungu. Akauliza, "Mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Jina nilikuwa nalijua, tulilichagua sisi wenyewe, lakini halikutoka. Nikatikisa kichwa.

"Haya," alisema. Akachana kipande cha kitenge kikuukuu, akanifunga kidole. "Usirudi hapa mpaka kipone. Ukirudi, tutafanya jingine. Kama huwezi kuhisi, utasikiliza. Gumba likifika kwenye uzi wa chini linatoa mlio mdogo sana, kama mtu anayeweka kijiko mezani. Hukuwahi kuusikia kwa sababu una haraka."

Nilirudi baada ya siku tisa. Akazima mashine, jambo ambalo hakulifanya kirahisi, na wateja wakanung'unika. Akaniambia nigeukie ukuta, nipige uzi mmoja, kushuka tu, na nisipige tena mpaka niusikie ule mlio mdogo. Nilipiga labda mara hamsini. Sikusikia chochote, halafu nikausikia. Kwa kweli ulikuwa mdogo, sauti ya nyama kukutana na waya. Tangu siku hiyo nilijua gumba langu liko wapi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbele, ingawa si kwa mstari ulionyooka. Ukucha ulivunjika, nikaugandisha kwa supa gluu na kuulainisha kwa msasa. Uzi ule mnene ulikatika, na uzi wa namna hiyo haupatikani Kahama wala Shinyanga mjini. Mama akanipa uzi wa zamani wa besi yake. Haukuingia kwenye tundu la kukazia, tukaupeleka kwa fundi redio akapanua tundu kwa kekee. Ukaingia, ukawa mzito kupita kiasi, na ukatoa ngurumo iliyowafanya mbuzi wa jirani wasogee mbali. Nikaongeza mkono wa kushoto: gonga, shuka, panda, donoa. Sauti nne. Kufikia mvua za kwanza nilikuwa naweza kuzipiga nne hizo kwa dakika kadhaa bila kuvurugika, huku nikibadilisha uzi.

Mama alisikiliza akiwa ameegemea mlango. "Nenda Nkome," alisema.

"Kufanya nini?"

"Hujasafiri mwaka mzima isipokuwa mgodini na hapa kwangu. Nenda."

Nilikwenda. Mke wangu tulikuwa tunapigiana simu Jumapili, tunaulizana hali, tunaambiana nzuri. Nilimwambia nakuja, akasema sawa. Nilifika Nkome saa tano asubuhi. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mbali kidogo, nikamsalimia kutoka nilipokuwa, kama inavyopasa kati ya mkwe na mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu." Akainuka na kutuachia uwanja.

Mke wangu alikuwa anageuza dagaa zilizoanikwa juu ya chanja. Alikuwa amenenepa kidogo na ngozi yake imeungua na jua. Alinitazama, akatazama mfuko mgongoni mwangu.

"Umebadilisha gitaa."

"Ndiyo."

"Lipige basi."

Nikaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikawasha spika. Nikapiga kile nilichokuwa nakijua, ambacho hakikuwa wimbo. Ni mazoezi yaliyounganishwa. Alikuwa anaendelea kugeuza dagaa. Wanawake wa chanja za jirani wakasogea, wakasikiliza, wakarudi kwenye kazi zao. Nilipomaliza alikuja akasimama karibu.

"Kibanio changu hicho."

"Ndiyo."

Akachukua mkono wangu wa kulia. Mkono wake ulinuka samaki na ulikuwa na magamba madogo madogo. Akalibonyeza gumba kwenye ncha. "Hapa?"

"Sisikii."

"Hapa?"

"Hapana."

Akabonyeza chini zaidi, karibu na kiganja. "Hapo kidogo," nilisema. Akauacha mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

"Sikutaka ulie," alisema. "Watu wanafikiri nilitaka ulie. Nilitaka ulitaje jina lake, hata mara moja. Mwaka mzima unasema 'yule mtoto,' 'lile jambo.'"

Nilitazama dagaa. Zilikuwa nyingi sana, zote zimeelekea upande mmoja. Nikalitaja jina. Lilitoka kama neno la kawaida, na sauti yangu haikubadilika. Sitaliandika hapa. Mke wangu akasema, "Tena." Nikalitaja tena. Nilisubiri kitu kinijie, kifuani au kooni, kwa sababu nilidhani huo ndio wakati wake. Hakikuja kitu. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, na nilikuwa na njaa.

"Asante," mke wangu alisema. Akaenda kunipikia.

Sikumwomba turudi wote, naye hakusema atarudi. Nilikaa siku mbili, nikasaidia kubeba magunia, nikapanda basi.

Kwenye kwaya yetu nilijaribu kuliingiza gitaa lile. Kiongozi alisikiliza mazoezini, akasema linawachanganya sauti ya kwanza na ya pili, na kwamba kina mama hawajui waingilie wapi. Alikuwa sahihi. Tukakubaliana nipige kati ya ubeti wa pili na wa tatu tu, katika wimbo mmoja, sehemu fupi. Jumapili ile nilipiga sehemu yangu bila kosa. Waimbaji wakaingia walipopaswa kuingia. Baada ya ibada bibi mmoja aliniuliza kwa upole kama kile chombo kimeshapata fundi.

Mke wangu alirudi Alhamisi moja mchana, mwezi wa tatu, bila kupiga simu. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake na gunia la dagaa za kuuza sokoni. Nilikuwa barazani nafanya mazoezi, shuka, panda, donoa, spika iko miguuni, imechomekwa kwenye umeme. Aliingiza mizigo, nikasikia anafungua madirisha, anasogeza kochi, anafagia. Baada ya muda alitoka na kikombe cha chai, akakiweka karibu nami. Mvua ilikuwa imeanza kurushia barazani. Akatazama waya wa spika, akatazama sakafu iliyolowa.

"Sogea ndani," alisema. "Umeme na maji."

Nikasogea.